Kunyonyesha Baada ya Ziwa Kupasuliwa

Mazungumzo na vikundi vya akina mama wa Shela, Lamu

  

Mara iliyopita tulizungumza juu ya mchezo wa pesa na daftari la kikundi. Mlipokuwa mkitawanyika, mmoja wenu alituvuta kando akauliza kwa sauti ya chini: mwanamke aliyetiwa kitu katika maziwa yake ili yawe makubwa, akizaa aweza kunyonyesha? Kabla hatujafika kwenye boti wengine wawili walitufuata. Mmoja alipasuliwa jipu la ziwa alipokuwa na mtoto wa kwanza, na sasa ana mimba ya pili. Mwingine alitolewa uvimbe. Wote wawili wameambiwa na watu kwamba ziwa lililopita kisu halifai tena, mtoto atafutiwe maziwa ya mkebe.

Basi leo tutasema yote matatu pamoja, kwa maana shina lao ni moja. Yaliyo ya siri tutayasema bila majina.

Kwanza tukubaliane juu ya maneno. Siku hizi mtu akisema vipandikizi, wengi wenu mwafikiri vile vijiti vya kupanga uzazi vinavyotiwa chini ya ngozi ya mkono. Hivyo ni vitu vingine kabisa, wala si habari yetu ya leo. Tunachosema hapa ni mfuko laini wa silikoni, ambao ndani yake mna ute mzito wa silikoni au maji ya chumvi, na daktari huuingiza nyuma ya ziwa kwa kupasua. Sisi tutauita mfuko tu. Na ziwa tutaliita ziwa, kama mnavyoliita hapa, ijapokuwa vitabu vya kliniki huandika titi.

Mifuko hii si mambo ya jana. Ya kwanza ya silikoni ilitiwa mwaka 1962 huko Houston, Marekani. Hapa Kenya upasuaji huo hufanywa katika hospitali za binafsi, hasa Nairobi, na mwaka 2018 magazeti yetu yaliandika habari za mwanamke aliyefariki Nairobi baada ya upasuaji uliohusu mifuko hiyo. Si wote wanaotafuta urembo. Wako waliokatwa ziwa kwa sababu ya saratani, kisha wakatengenezewa jingine.

Mtu atasema, hayo ni ya wageni wa mahoteli, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu. Shela ya leo ina nyumba za wageni katika kila kichochoro. Wasichana wetu huenda Mombasa, Nairobi na Uarabuni kutafuta kazi, wengine huolewa mbali, na wakishika mimba hupenda kurudi kuzalia kwa mama zao. Anayerudi hurudi na mwili wake wote pamoja na siri zake.

Maziwa hutoka wapi

Habari ya maji nyinyi watu wa Shela mwaijua kuliko sisi. Mvua hunyesha juu ya vilima vya mchanga, maji yakazama polepole, na visima vya chini vikapata maji matamu ambayo hata mji wa Lamu huyategemea. Ziwa nalo lina kazi yake ya ndani isiyoonekana. Maziwa hayakai humo kama maji ya mtungi. Hutengenezwa na tezi, ambazo ni vifuko vidogo mno vinavyochota vitu katika damu ya mama, kisha hupita katika vijifereji vyembamba mpaka kwenye chuchu.

Lakini kwa jambo moja ziwa na kisima havifanani hata kidogo. Kisima ukiteka kupita kiasi maji hupungua, na hapa kwenu ukizidisha huingia chumvi. Ziwa likinyonywa sana ndipo huzidi kutengeneza. Likiachwa limejaa, mwili huona kazi imekwisha, ukapunguza.

Nani hupeleka habari kwamba mtoto ananyonya? Ni mishipa ya fahamu iliyo kwenye chuchu. Hupeleka habari ubongoni, na ubongo hutoa amri mbili: maziwa yatengenezwe, na maziwa yateremke. Kwa hiyo vitu vitatu vyatakiwa kuwa vizima, yaani tezi, vijifereji na mishipa ya fahamu. Mfuko wa silikoni si kimojawapo cha vitu hivyo, wala haukai mahali pao. Hukaa nyuma ya tezi, au nyuma zaidi chini ya msuli wa kifua, kama mto uliowekwa mgongoni mwa mtu aliyeketi. Mto haumzuii mtu kusema.

Kisu kilipita wapi

Hili ndilo swali la kwanza la kumwuliza mama huyo. Kovu likiwa chini, kwenye mkunjo ambapo ziwa hukutana na kifua, au likiwa kwapani, mara nyingi tezi na vijifereji havikuguswa, na matumaini ni mazuri. Kovu likizunguka ule weusi wa chuchu, hapo pana wasiwasi, maana ndipo vijifereji vyote hukusanyika, na mshipa wa fahamu wa chuchu nao waweza kukatwa. Mama aweza kujipima mwenyewe: nikigusa chuchu, nahisi? Ikiwa imekufa ganzi tangu apasuliwe, ajue kwamba maziwa yaweza kuchelewa kuteremka, na pia kwamba mtoto aweza kumchubua asisikie. Hata hivyo mwili hujitengeneza. Fahamu hurudi polepole kwa miezi na hata miaka, na vijifereji vingine huunganika tena, hasa mwanamke akishapata mimba na kunyonyesha.

Upasuaji wa kupunguza ziwa kubwa ni mzito zaidi kuliko wa kuongeza, kwa sababu tezi yenyewe hukatwa na kutupwa, na mara nyingi chuchu huhamishwa. Wengine hunyonyesha kidogo, wengine sana, lakini wengi huhitaji msaada. Na ziwa lililotengenezwa upya baada ya lile la asili kuondolewa lote halina tezi. Hilo halitatoa maziwa, na mama asijisumbue kulikamua.

Kuna jambo jingine ambalo husahauliwa kuulizwa: ziwa lilikuwaje kabla ya kupasuliwa? Wako wanawake wachache ambao tezi zao ni haba tangu kubalehe. Maziwa yao huwa yameachana mno kifuani, au ni membamba kama mrija, au moja limepitwa na jingine kwa mbali sana, na mimba ikiingia hayaongezeki. (Udogo peke yake si dalili. Ziwa dogo hunyonyesha kama kubwa, na hilo mwalijua.) Mtu huyo huenda alitia mfuko kwa sababu hiyo hiyo. Mfuko ulimpa umbo, haukumpa tezi. Akikosa maziwa watu watailaumu silikoni, kumbe sababu ilikuwako kabla yake.

Sasa kwa hesabu. Huko New South Wales, Australia, walifuatilia akina mama wengi sana, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Kati ya kila 100 waliokuwa wamepasuliwa kuongeza ziwa, 79 waliwapa watoto wao maziwa yao baada ya kuzaa. Kwa wale ambao hawakupasuliwa walikuwa karibu 89. Tofauti ipo, hatuifichi. Lakini 79 katika 100 ni wengi. Asiwepo mtu wa kumwambia mama wa namna hiyo kwamba asijaribu.

Je, maziwa yake ni sumu?

Hili ndilo mlilonong'ona zaidi. Mwaka 1998 watafiti wa Canada walipima maziwa ya akina mama wenye mifuko na ya wasio nayo. Walitafuta yale madini ambayo silikoni hutengenezwa kwayo, na ambayo mchanga pia umejaa. Walikuta kiasi ni karibu sawasawa kwa mama wa aina zote mbili. Kisha wakapima maziwa ya ng'ombe ya dukani, wakakuta madini hayo ni zaidi ya mara 10. Wakapima maziwa ya mkebe ya watoto, wakakuta ni zaidi ya mara 70. Hatusemi kwamba maziwa ya mkebe yana sumu kwa sababu hiyo. Madini hayo yamo katika vyakula vingi. Twasema hivi: mtu akimtoa mtoto kwenye ziwa lenye mfuko kwa hofu ya silikoni, akamtia kwenye mkebe, hakukimbia kitu. Mwaka 1999 kamati ya wataalamu wa Marekani iliyopitia tafiti nyingi za mifuko hii nayo haikuona sababu ya kuwazuia akina mama hao kunyonyesha.

Mfuko waweza kupasuka au kuvuja. Mwaka 2010 Ufaransa iliondoa sokoni mifuko ya kampuni ya Poly Implant Prothèse kwa kuwa ilijazwa silikoni isiyokuwa ya matibabu, na mwenye kampuni akahukumiwa kifungo mwaka 2013. Kwa hiyo mama akiona umbo la ziwa limebadilika ghafla, limekuwa gumu kama jiwe upande mmoja, au lina maumivu yasiyokwisha, aende akachunguzwe. Asingoje amalize kunyonyesha.

Sindano ni habari nyingine. Kuna watu wanaodunga silikoni ya majimaji au mafuta moja kwa moja ndani ya nyama ya ziwa. Hapo hakuna mfuko wa kuizuia. Husambaa, hufanya vinundu na majipu, na kuiondoa ni kazi ngumu. Aliyedungwa namna hiyo amwone daktari akiwa bado na mimba. Na zile krimu na vidonge vya kukuza maziwa vinavyouzwa mkononi, mwenye mimba na anayenyonyesha aviache kabisa.

Jipu la ziwa

Tumesema mengi ya silikoni, lakini tukihesabu makovu ya hapa Shela, mengi ni ya jipu. Na jipu laanza hivi. Ziwa limejaa, mtoto hakamati vizuri, chuchu imepasuka. Vijidudu huingia. Ziwa huwa jekundu, la moto, na mama hutetemeka kwa homa. Watu husema ni jicho la mtu, au ni baridi ya bahari, na neno la kwanza analoambiwa ni kwamba aache kunyonyesha ziwa hilo kwa kuwa maziwa yameharibika. Hapo ndipo jipu hutengenezwa. Maziwa yakibaki ndani, usaha huzidi. Mtoto aendelee kunyonya ziwa hilo hilo, na akishindwa likamuliwe kwa mkono. Mama apate dawa kutoka zahanati, na dozi aimalize hata kama homa imekwisha siku ya pili.

Likishakuwa jipu kweli, dawa peke yake haitoshi, lazima usaha utolewe. Tafadhali, si kwa wembe nyumbani. Tumeona makovu ya wembe yaliyokata mpaka kwenye chuchu, na vijifereji vilivyokatwa huko hatuwezi kuvishona sisi. Panda boti uende hospitali ya King Fahd pale Lamu, na ukifika sema maneno haya: mimi nanyonyesha, nataka kuendelea, usaha waweza kutolewa kwa sindano? Majipu mengi hutolewa kwa sindano bila kupasua. Likilazimu kupasuliwa, mwambie daktari akae mbali na weusi wa chuchu kwa kadiri iwezekanavyo. Hayo si kumfundisha kazi. Mgonjwa ana haki ya kuuliza.

Baada ya hapo mtoto aendelee kunyonya pande zote mbili, maadamu mdomo wake haugusi jeraha. Ikiwa lagusa, kamua upande huo mpaka lipone. Siku nyingine maziwa yatatoka kwenye jeraha lenyewe, na wazee watashtuka. Hufunga lenyewe baada ya muda. Ila mama mwenye virusi vya UKIMWI akipata jipu, ziwa lile akamue na kumwaga mpaka lipone, amnyonyeshe mtoto kwa ziwa zima, na asiache dawa zake hata siku moja.

Mimba inayofuata je? Kovu moja la jipu huharibu vijifereji vya sehemu ile tu. Ziwa lina sehemu nyingi, na zilizobaki hufanya kazi. Sehemu iliyozibwa huvimba siku za kwanza, ikakosa pa kutolea, kisha hukauka yenyewe. Kanda la maji ya baridi husaidia. Wenye mifuko nao huumia hivyo hivyo maziwa yanaposhuka, kwa sababu nafasi ni finyu, kwa hiyo wanyonyeshe mapema na mara nyingi.

Aliyetolewa uvimbe usiokuwa saratani hana tofauti na huyu wa jipu. Aliyekuwa na saratani ni lazima aongozwe na daktari wake. Ziwa lililochomwa kwa mionzi hutoa maziwa kidogo sana au halitoi kabisa, na wakati wa kutumia dawa za saratani hanyonyeshi. Tukiwa hapo hapo: uvimbe katika ziwa la mwenye kunyonyesha mara nyingi ni maziwa yaliyoziba, lakini ukipita wiki mbili haujaondoka, usiseme ni maziwa tu. Saratani ya ziwa ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi katika Kenya kuliko saratani nyingine zote.

Siri

Sasa tunafika kwenye jambo lililotuleta. Kovu la jipu kila mtu nyumbani alijua. Mfuko ni siri. Mume pengine hajui. Mavyaa hajui. Hata mama mzazi hajui, au ajua na hataki kusema. Msichana anakwenda kliniki mara nne, mara tano, anaulizwa habari za presha na damu, hafungui mdomo. Anazaa. Na kwa kuwa hakuna anayejua, hakuna anayeangalia.

Basi tuwaambie kinachotokea hapo, maana hatari iko hapa, haiko kwenye silikoni. Mtoto anawekwa kwenye ziwa, ziwa limejaa kwa macho, kubwa, la kupendeza. Kila anayekuja kumtazama mzazi husema, huyu ana maziwa mengi, mashallah. Kumbe ukubwa ule ni mfuko. Mtoto ananyonya, anachoka, analala. Analala sana. Halii. Bibi anamsifu: mtoto gani mtulivu namna hii! Siku ya tano bado analala. Huyo si mtulivu, huyo ana njaa, na hana tena nguvu ya kulia.

Hatumshauri mtu kutangaza siri yake barazani. Mtu mmoja tu atosha: muuguzi wa kliniki. Aambiwe mapema, mimba ikiwa ya miezi saba au minane, kwamba nilipasuliwa mwaka fulani, kovu liko mahali fulani. Ataandika katika kijitabu cha mama na mtoto, na ikiwa mama hataki kiandikwe aseme hivyo, muuguzi atakumbuka kwa njia yake. Na nyinyi wauguzi mliopo hapa, tunawaomba kwa heshima: mama akikwambia, usicheke, na usiulize kwa nini. Tuna maoni yetu juu ya kupasua mwili mzima kwa ajili ya umbo, na pengine nanyi mnayo. Mtoto aliyezaliwa leo hayamhusu.

Mtu ajuaje kwamba mtoto anashiba? Si kwa kutazama ziwa, wala kwa kulikamua kuona yanatoka kiasi gani. Tazameni mtoto. Kuanzia siku ya sita hivi alowanishe nepi mara sita au zaidi kwa siku, na mkojo uwe mweupe. Choo cheusi cha kwanza kiwe kimegeuka manjano kufikia siku ya tano. Anyonye mara 8 hadi 12, usiku na mchana, na umsikie akimeza. Na apimwe uzito. Mtoto mchanga hupungua kidogo siku za mwanzo, hilo ni la kawaida, lakini akipoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, au akifika wiki mbili hajaurudia uzito wa kuzaliwa, msingoje arobaini iishe. Mama atoke nje, au mtoto atolewe na nyanya yake. Kwa mama aliyepasuliwa twapendekeza mtoto apimwe siku ya tatu, ya tano na ya kumi, hata kama aonekana mzima.

Maziwa yakiwa haba

Yakipungua, jambo la kwanza ni kuangalia mtoto anakamata namna gani, na kumweka kwenye ziwa mara nyingi zaidi, kuanzia saa ile ya kwanza ya kuzaliwa. Yale maziwa ya kwanza ya manjano msiyamwage, kama wengine wanavyofanya bado. Baada ya kunyonya, mama akamue yaliyosalia ampe mtoto kwa kikombe kidogo kilichooshwa na kuchemshwa. Chupa na nyonyo huficha uchafu, na mtoto akizoea nyonyo hulikataa ziwa.

Na ikiwa bado hayatoshi? Hapo wengi huona kuna njia mbili tu, ziwa au mkebe. Si kweli. Kunyonyesha nusu ni kunyonyesha. Mama atoe alichonacho, na kilichopungua kiongezwe kwa kipimo atakachoelekezwa na muuguzi. Kuna njia nzuri ya kufanya hivyo: mrija mwembamba mmoja, ncha yake ikae kando ya chuchu na ncha ya pili ndani ya kikombe cha maziwa. Mtoto ananyonya ziwa na huku anavuta ya kikombe. Anashiba, na ziwa linapata amri yake. Mwombeni muuguzi awaonyeshe.

Ikilazimu maziwa ya mkebe, basi fikirini maji. Hapa Shela maji ya kila kisima si sawa, mengine yana chumvi, na maji yenye chumvi humdhuru mtoto mchanga hata yakichemshwa, kwa sababu chumvi haiondoki kwa moto. Chagueni maji matamu, chemsheni, na vipimo vya unga vifuatwe kama vilivyoandikwa. Mama anayeongeza maji ili mkebe ufike mwisho wa mwezi anamnyima mtoto chakula bila kujua. Tena tangu mwaka 2012 Kenya ina sheria inayokataza kutangaza maziwa hayo na kuwapa akina mama mikebe ya bure, kwa hiyo akija mtu na zawadi ya namna hiyo mwulizeni ametumwa na nani. Akina mama wa nchi hii wamejitahidi sana. Mwaka 2003 ni watoto 13 tu kati ya 100 walio chini ya miezi sita waliokuwa wakipewa ziwa bila kitu kingine. Mwaka 2022 walikuwa 60. Isiwe silikoni au kovu la jipu ndilo la kuturudisha nyuma.

Mabibi wameuliza juu ya mtoto kunyonyeshwa na shangazi au jirani. Zamani ilifanyika sana, na ni msaada mkubwa, ila kwa mambo mawili. Anayenyonyesha awe amepimwa damu. La pili mwalijua kuliko sisi: katika dini yenu watoto walionyonya kwa mama mmoja huwa ndugu, hawaoani. Kwa hiyo lisifanywe kwa siri usiku, lijulikane na pande zote mbili, na mashekhe waulizwe. Nairobi ilifunguliwa benki ya maziwa ya akina mama katika hospitali ya Pumwani mwaka 2019, lakini hiyo iko mbali na sisi, na suala hili la undugu litakuwako huko pia.

Kazi ya kikundi

Tunawaomba mambo machache. Mchezo wenu wa pesa utenge fungu dogo la boti ya usiku, kwa kuwa jipu na mtoto asiyeamka havingoji maji kupwa. Mzani wa watoto ukiharibika zahanati, kikundi kiulize mpaka ujibiwe. Na wachagueni akina mama wawili wasiopenda maneno, waliowahi kunyonyesha kwa taabu, ambao mzazi yeyote aweza kuwaita chumbani akawaambia asiyoweza kumwambia mavyaa. Wawili hao sisi tutakaa nao siku mbili, tuwafundishe kukamua, kushika mtoto na kutumia ule mrija.

Liko swali moja limeletwa kwa karatasi, halina jina. Mwandishi aliondolewa ziwa la kushoto lote miaka sita iliyopita, dawa amemaliza, daktari amemruhusu kuzaa, na sasa ana mimba ya miezi mitano. Auliza kama ziwa moja latosha, au amnunulie mtoto mkebe mapema.

Asinunue. Kwa kuwa daktari wake amemruhusu kuzaa, amwulize pia juu ya kunyonyesha, na akikubaliwa aanze saa ile ile ya kwanza. Ziwa la kulia litakuwa kubwa kuliko alivyozoea, kwa sababu kazi yote itakuwa yake, na mtoto atapata mengi. Mapacha waliolelewa hapa Shela bila mkebe, kila mmoja wao alikuwa na ziwa moja.